Safu ya Glasi

Jumanne ya kwanza na Jumanne ya tatu
navaa buti za manyoya, nachukua fomu,
nashuka mtaa wa kiwandani hapa Naryn
kuuliza lile niliulizalo mwaka wa kumi na moja sasa:
sukari leo ni som ngapi?

Sharti nimelikariri kama majina ya babu zangu saba:
duka lilelile, sukari ileile,
nyeupe, ya punje, kilo moja,
isiyo ya ofa, isiyo ya mkopo.
Apimaye homa habadilishi kipimajoto.

Dooronbek akiniona mlangoni huzima redio.
"Tisini na nane," asema kabla sijafumbua kinywa,
"na usiandike kana kwamba nimepandisha mimi.
Njia ya mlimani ilifungwa siku nne,
dereva kadai chake."
Naandika 98.
Theluji haina kisanduku.

Mwezi wa saba aprikoti za Batken huiva kwa pamoja,
kila sufuria nchini hutaka sukari,
na bei hupanda ngazi bila kushika ukuta.
Mkubwa wangu hupiga simu kutoka Bishkek: "Una hakika?"
Nina hakika. Mama ameniagiza kilo kumi na mbili za jamu.
Asubuhi naiandika bei, jioni nailipa,
mkono uleule.

Lakini nilitaka kusema habari ya Jumanne hii.

Mbele yangu alisimama Bibi Uulkan,
ndani ya koti la marehemu mumewe,
akaweka mezani glasi ya chai iliyomeguka ukingo.
Dooronbek akajaza.
Bibi akaigonga glasi mezani, mara mbili, polepole,
sukari ikazama upana wa kidole.
Akamtazama. Dooronbek akaongeza.
Som ishirini na tano.

Glasi tano hufanya kilo.
Nilipiga hesabu nikiwa nimesimama: mia na ishirini na tano.
Gunia lilelile, kijiko kilekile,
mwenye noti kalipa tisini na nane,
mwenye sarafu kaongeza ishirini na saba
kwa kilo ambayo hataiona ikiwa pamoja.
Haba na haba hujaza kibaba, husema wenye vibaba;
hawakusema kila haba ilinunuliwa bei gani.

Nikaandika pembeni, kwa penseli:
kwa glasi, 125.

"Zuurakan, hii nini?"
"Ni bei."
"Safu ya glasi haimo."
"Najua haimo."
Waya ukanyamaza kidogo; nilisikia akikoroga chai yake.
"Futa, dada yangu. Tafadhali."

Nikafuta. Nilifuta vizuri.
Ila ukiinamisha karatasi kwenye mwanga wa dirisha
tarakimu tatu zinaonekana, zimebonyea,
kama nyayo za kuku kwenye barafu.

Ijumaa taarifa ikatoka.
Osh tisini na moja, Talas tisini na nne, sisi tisini na nane,
na wastani wa nchi, na asilimia moja nukta mbili.
Nimeizunguka nchi hii kwa basi na kwa lori la makaa,
huo mji uitwao Wastani sijaufikia.
Hauna duka. Hakuna anayekunywa chai huko.

Jana nilinunua daftari la shule, nikaenda kwa Bibi.
Ukurasa wa kwanza: Uulkan, glasi moja, 25.
"Unaandika deni langu?"
"Hapana, bibi."
"Basi nini?"
Nikatafuta neno, nikalikosa.

Akanimiminia chai nusu bakuli,
ndiyo heshima ya mgeni kwetu,
akaisogeza ile glasi upande wangu.
Ilikuwa imebaki robo.

Nikasema daktari amenikataza.