Simu Iliyonyamaza

Simu ilinyamaza Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi.
Loretta Wisniak alidhani imeisha chaji.
Akaitikisa, akaiweka juu ya friji, akaitazama.
Theluji ya Toledo ilikuwa ikidondoka kwenye bati la gereji,
na kwa mara ya kwanza tangu Agosti
akaisikia.

Kukopa harusi, kulipa matanga, husema wasemao.
Kwake hata kukopa kulikuwa matanga:
nyonga ya Gene, kisha figo za Gene,
kisha jeneza,
na ankara iliyofika siku tatu baada ya mazishi
ikimtakia mgonjwa nafuu ya haraka.

Wakili, kijana mwenye mafua, alimwambia:
"Ukishajiandikisha kuwa umefilisika, amri inasimama mlangoni.
Hakuna wa kupiga simu. Hakuna wa kukata mshahara."
Akachora mstari katikati ya karatasi.
Huku yanayokufa: hospitali, kadi tatu.
Huku yanayoishi: kodi ya mwaka juzi,
na karo ya chuo cha ususi alichosoma miezi saba,
enzi ambazo Gene bado alikuwa na nywele.
"Na gari?"
"Gari lina mdomo wake. Ukilitaka, lilishe kila mwezi.
Usipolitaka, rudisha funguo, deni lizikwe na mengine."
Analitaka. Jiko la shule liko maili kumi na moja,
na basi la kwanza hupita uji ukishapoa.

"Orodhesha wote. Hata jirani."
"Hata Opal?"
"Hata Opal."
Akaandika: Opal Standifer, dola mia mbili arubaini, hita ya maji.
Kalamu ilikwama kwenye herufi ya kwanza.

Mfilisi alimhoji dakika sita.
Una dhahabu? Unatarajia urithi? Una boti?
Kwa neno boti nusura acheke.
Nje, muda wa maegesho ulikuwa umepita:
faini dola kumi na tano, mbichi,
ambayo hakuna amri ingeifuta.

Ijumaa akapiga kaka yake, Chester, kutoka Sandusky.
"Retta," akasema, polepole,
"wameanza kunipigia mimi."

Mkopo wa paa.
Alikuwa ametia saini chini ya jina lake, miaka tisa nyuma,
kwa kusimama, bila hata kuvua glavu ya kulia.
Amri inalinda mlango wa Loretta.
Mlango wa Chester haiujui.

Siku hizi, kila tarehe mosi,
dola kumi hupita chini ya mlango wa Opal ndani ya bahasha.
Sheria haimdai. Opal naye hadai.
Mara nyingine bahasha hurudi na keki ya ndizi.

Na saa kumi na mbili jioni,
saa ile wanayopenda wao,
Loretta humpigia Chester kwanza.
Huongea habari za mayai, bei yake, goti lake, theluji,
habari zisizo na kichwa wala mkia,
ilimradi laini isipatikane.