Si Haba

Redio ilisema: manyunyu, hapa na pale.
Hapa ndipo. Na pale pia ndipo.
Ishbel afunga kamba za kofia kidevuni,
afungua lango, arudishia kamba yake ya buluu,
aanza kupanda.

Ni Julai; huku Uskoti wanaiita kiangazi.
Mvua haianguki, inakuja ubavuni,
imeongozana na upepo kama wadai wawili.
Miwani haina kazi, aitia mfukoni.
Ramani yapiga makofi, yachanika
kwenye mkunjo uleule aliouziba Ewan kwa gundi,
enzi zile wakipanda wawili.

Nyuma ya ukuta wa mawe
kondoo jike keshajibanza. Hasogei.
Ishbel achuchumaa upande uliobaki,
ala mkate na jibini, na maji ya mbingu.
Hawasalimiani.

Kileleni hakuna cha kuona:
weupe, na rundo la mawe.
Aligusa la juu kabisa kwa kiganja,
kama apimaye homa ya mtoto,
akageuka.

"Umeona nini huko?" auliza Torquil dirishani.
Ishbel akamua soksi mlangoni.
Maji yatoka. Yatoka. Bado yatoka.
"Si haba," asema.