Namba Tatu

Tumetoa kitanda cha wageni, tumelaza milango miwili
juu ya kreti za soda, na juu ya milango, reli,
nyembamba hivi kwamba chumvi ya Ganjoni
huzila usiku, na asubuhi nazifuta kwa spiriti.
Baba yuko kitini. Mkono wake wa vidole vitatu na nusu
umeshika karatasi ya maelezo kichwa chini, miguu juu.

"Si kama ule mtambo wa zamani," namwambia,
"wa kuzungusha kirungu, treni zote zikakimbia,
ukikirudisha, zote zikalala.
Huu, moto uko relini daima, haupandi, haushuki,
na ndani ya moto mna maneno.
Kila kichwa cha treni chayasikia yote.
Chaitika kile kilichotajwa."

"Basi ni Changamwe," asema, "saa kumi za alfajiri."

Umeme sisi twauita stima,
jina ambalo mvuke ulilisahau hapa ulipoondoka.
Yeye aliijua stima ile nyingine,
ya maji na mafuta mazito, iliyomuunguza kisogo.

Nafungua kichwa cha kwanza, cha kijani.
Mimi fundi wa simu Mwembe Tayari nimezoea vidogo,
lakini king'amuzi hiki ni ukucha wa mtoto
na nyaya zake ni nywele:
nyekundu na nyeusi kwenye magurudumu,
chungwa na kijivu kwenye mota.
Feni nimeizima, hupoza risasi kabla haijashika.
Jasho ladondokea pasi ya kulehemu: chss.
Baba achomoa kijiko kikombeni,
akakilaza juu ya reli zote mbili.
Kisanduku chapiga ukelele, chazima kila kitu.
"Nilitaka kuona kama kiko macho."

Saa tisa, vichwa viwili viko njiani,
cha kijani na chekundu. Nabonyeza tatu,
namba ya kile cha kijani.

Vyaondoka vyote viwili.

Nasimamisha. Nabonyeza tena. Vyote viwili,
kama mapacha walioitwa kula.
Nageuza karatasi, nasoma: kutoka kiwandani
kila king'amuzi huja na jina moja, tatu,
mpaka mtu akipe chake.

Nacheka. Baba hacheki.

"Tulikuwa wawili," asema. "Mbaruku mimi, na Mbaruku wa Jomvu.
Nyapara akiita, twainuka sote, watu hoi kwa kicheko.
Tukawa twapokezana: mara hii wewe, mara hii mimi.
Usiku ule wa mvua ilikuwa zamu yangu.
Nilikuwa na sigara, ndiyo kwanza nimeiwasha.
Akanambia, maliza."

Hasemi njia ya ngapi, wala mabehewa mangapi.
Miaka yote nilidhani alichoacha kule ni vidole.

Kijani nakiachia tatu yake. Chekundu nakitenga,
nakiweka kwenye kipande cha reli kilichokatwa na njia kuu,
mahali pa kupewa jina bila mwenzake kusikia.
"Namba gani?"
Nangoja mwaka wake wa kuzaliwa, au moja tu, au kumi.
"Elfu nne mia moja kumi na saba,"
haraka, kama mtu aliye dirishani pa mshahara.
"Ni yako?"
Akoroga chai isiyo na sukari.

Nabonyeza tarakimu zote nne.
Kisanduku chafikiri.
Kisha kichwa chekundu chashtuka, unywele mmoja mbele,
si safari hiyo: ndivyo kinavyosema kimesikia.

Nakirudisha njia kuu, nyuma ya kijani.
Baba aweka kijiko mbali na reli.
"Sasa mwite," asema.
"Mwite peke yake."