Ramani ya Mlangoni

Gari tulilikomboa bandarini mwezi wa Shaabani,
limetoka Uingereza, na umri wake hausemwi mbele za watu.
Swabir alikwangua stika ya kioo kwa wembe,
ikabaki nusu: wekundu kidogo, na tundu la mwaka.
Kwenye mfuko wa mlango wa nyuma
Nuswaiba akavua ramani kama mtu avuaye kaa,
kwa ncha za vidole.

Ulaya nzima, imekunjwa vibaya,
Ubelgiji ina doa la chai.

Tulikuwa kwenye foleni ya feri, upande wa kisiwani,
jua halijakauka bado,
mbele yetu lori la magodoro, nyuma mkokoteni wa barafu.
Bi Mejumaa kiti cha mbele, mkoba magotini:
visheti, dawa ya presha,
na leso za dada yake wa Duga, doti nzima, hazijakatwa,
jina lake: *Sikukusahau, nauli ilinisahau.*

Mtoto wa wenyewe aliandika kwa biro ya kijani,
na Nuswaiba akatufasiria kwa sauti ya mtangazaji:
“Hapa Luksemburg, nilitapika.
Hapa baba alipotea, akasema hajapotea.”
Swabir akakohoa.
“Hapa mama alilia. Hakuna aliyeuliza.”
Mimi nikatazama maji.
“Hapa ndipo mpaka wa Ujerumani.
Tuliungoja tuuone. Hatukuuona.”

“Hawakuuona?” Bi Mejumaa akageuka na shingo yote.
“Mpaka mzima?”

Feri ikashusha ulimi wake, tukaingia.

Ukunda tulinunua maji.
Msambweni nilisema simamisheni, nataka ndimu.
Nilisimama mkabala na hospitali
muda wa kuhesabu ndimu kumi,
nikarudi garini.

Lunga Lunga: bima, kibali cha gari,
fotokopi ya kibali, fotokopi ya fotokopi,
kalamu iliyofungwa kwa uzi, haiandiki.
Kitambulisho cha Bi Mejumaa kina *a* moja mwishoni,
kadi yake ya chanjo ina mbili.
Ofisa, kijana mwenye adabu zake, akasema,
“Mama, hawa ni watu wawili.”
“Basi chagua mmoja apite,” akajibu.
Hakuchagua.

Akasema anakwenda msalani.
Saa nzima. Simu yake inalia mkobani,
mkoba uko kwangu.
Swabir akazunguka vyoo vyote akiita mama, mama,
wakaitika wanawake wasiomhusu.
Twalib akalala juu ya visheti.
Gari lenye karatasi zote
likasota saa tatu na nusu.

Tulipovuka, roho mikononi,
tayari kurudi kumtafuta,
tukamwona chini ya turubai la muuza chapati,
viatu vimejaa mchanga mwekundu,
jani la mkorosho limenasa kwenye buibui,
analalamikia chai haina tangawizi.
“Mama! Umepita wapi?”
“Nimepita.”
“Na mpaka?”
Akapuliza chai yake.
“Niliungoja niuone, mwanangu. Sikuuona.”

Siku ya nne, Likoni, usiku, foleni ileile kinyume chake.
Taa za kisiwani zilikuwa karibu, hazifikiki.
Bi Mejumaa alikoroma, ananuka samli ya Duga.
(Kurudi alipitaje? Msiniulize,
mkorosho hautoi risiti.)

Nuswaiba alikuwa kimya nyuma, jambo la kutisha.
Ramani ya wenyewe inaishia kipande cha Tunisi,
chembamba kama ukucha.
Akachana karatasi ya daftari,
akaibandika chini yake kwa selotepu,
akashuka na biro: Likoni. Ukunda. Msambweni.
Lunga Lunga, *hapa bibi alikuwa watu wawili.*
Duga, *hapa leso ilikatwa, wakacheka hadi wakalia.*

Nilisoma baadaye, nikifagia mchanga garini,
peke yangu, mlango wazi, feri ikipiga honi kwa mbali.
Pembeni mwa Msambweni, kwa herufi ndogo:

*Hapa mama alitaka ndimu.
Alirudi bila ndimu.
Nitamuuliza.*