Nafsi ya Kwanza

Saa nane na dakika sita usiku simu inaita,
nami jikoni kwangu Rotherham, sufuria ya uji imelowekwa,
sare ya binti yangu inakaukia kwenye rejeta ya ukutani.
Kampuni hunilipa kwa dakika.
Sheria yao ni moja: usiseme "anasema."
Akisema mimi, nawe sema mimi.
Libebe neno, litue, usilifungue njiani.

Upande wa pili ni Hull, wodi ya watoto wachanga.
Daktari Oldroyd ana sauti ya mtu aliyekosa chai.
Mama anaitwa Somoe. Mtoto bado hana jina,
ana siku tano, na namba mguuni.

Nikasema kwa Kiingereza: mimi nilikwenda Newala kumzika mama.
Nilirudi Jumapili. Jumanne homa,
vidole vikakataa kufunga vifungo vya koti.
Alhamisi nikajifungua.
Nikasema kwa Kiswahili: mimi nimepata majibu ya damu.

Kisha Oldroyd akalitamka, polepole,
kama anayesoma kibao cha mtaa asioujua:
chikungunya.

Nikatafuta pa kulitua. Kidingapopo nilikuwa nayo,
malaria ninayo tangu utotoni. Hili sikuwa na pa kuliweka.
Nikalirudisha nilivyolipokea, na matope yake ya Yorkshire.

Kimya. Pampu ikalia mara tatu.
"Dada, hilo umelitoa wapi? Hilo ni letu.
Kimakonde hicho. Kukungunyala.
Bibi alilisema kwa ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa juani,
na kwa mgongo wake akitoka kuokota korosho.
Kukauka huku umejikunja.
Mwambie daktari amelitamka vibaya."

Daktari, nikasema, umelitamka vibaya.

Akaeleza.
Mbu alikuuma kule; Hull, Februari hii, hakuna mbu hata wa dawa.
Miezi yote tumboni mtoto alikuwa salama.
Ni siku ile ya uchungu, damu yako ikiwa imefurika virusi,
kondo likikamuliwa kwa kila mkazo,
hapo, mlangoni, mtu akiwa keshashika kitasa.
Hata tungekupasua, asingekwepa.
Sasa ncha ya pua yake imeingia weusi,
magoti ameyakunja, na akibadilishwa nepi
analia kilio cha mzee mwenye baridi yabisi.
Tunaangalia degedege. Tunaangalia moyo.
Dawa ya kuua kirusi hiki hatuna.
Tuna maji, tuna ya maumivu, na tunakesha.

Somoe akauliza swali fupi. Kazi yangu ilikuwa kulivusha tu.
*Ni mimi niliyempa?*
Nililisema jikoni kwangu, kwa sauti yangu,
na juu ya dari binti yangu akageuka kitandani,
yule niliyempa pumu, na mwanya,
na Kiswahili sikumpa.

Oldroyd alichelewa. Nilisikia kalamu ikifunguliwa, ikafungwa.
Ulimpa kila kitu ulichokuwa nacho siku ile, nikasema kwa niaba yake,
na hicho kimoja hukujua unacho.

"Na ziwa? Nimwachishe?"
Hapana. Mnyonyeshe. Maziwa hayana kesi.

Dakika ya arobaini na moja daktari anaitwa kitanda kingine.
Kabla laini haijakatwa, Somoe anaanza kusema na mtoto,
chini chini, Kimakonde, maneno mengi yasiyopumzika,
na katikati yake nasikia lile moja linapita
jepesi, limevuliwa koti.

Oldroyd yuko mlangoni: "Anasema nini?"

Sheria ina kifungu cha pili, sijawahi kukihitaji:
ukitaka kujisemea mwenyewe, jiite kwa cheo.
Nikajiita.
Mkalimani haelewi, nikasema.
Mkalimani anaomba wasimkatize.

Simu iliyofuata ilikuwa Grimsby, bomba limepasuka.