Kigari cha Kongwa

Nilikinunua kwa kilo, chuma chakavu,
kwenye mizani ya Kibaigwa, nyuma ya mnada:
kilo kumi na moja na robo, pamoja na udongo
mwekundu uliojaa tumboni mwake. Nao nikaulipia.

Kigari cha mtoto, cha kukanyaga.
Pedeli moja imekufa, ya pili inalalamika,
usukani umebaki kipande
kama chapati iliyong'atwa.

Kwa msasa nikashuka, tabaka baada ya tabaka:
nyekundu ya dukani, kijani ya mlango wa mtu,
kisha buluu, ile ya kwanza,
na chini ya kiti ganda moja la karanga,
kavu, halijapasuka.

Sechelela akauliza, utamuuzia nani?
Watoto siku hizi wana simu.
Sikumjibu. Nilikuwa nanyoosha nondo
iwe ekseli, na ndala zangu kuukuu
nimeshazikata magurudumu.

Jumapili nikampelekea baba.
Alikitazama hadi chai ikapoa.
Enzi za mashamba ya karanga, akasema,
kazi yangu ilikuwa kukisukuma,
kutoka barazani kwao mpaka relini, na kurudi.
Kukipanda?
Mh.

Kisha akainama, magoti yakilia,
akapitisha kidole nyuma ya taa ya kushoto
ambako msasa wangu haukufika:
herufi C, ya msumari,
imetazama upande usio wake,
kama wanavyoiandika wanaoanza.

Chibago, akasema. Mimi huyo.

Hapo sikupaka rangi.
Na wewe Sechelela, habari za bei
tuziache kwanza.