Gramu Themanini

Kabla ya kuisoma niliipima kwa vidole.
Gramu themanini, nikasema, pengine sabini na tano,
ya kutoka nje, laini upande mmoja.
Miaka kumi na mmoja nilihesabu karatasi pale kiwandani Webuye,
mia tano, mia tano, funga,
na mkono haukuzidisha hata moja.
Vidole havikuachishwa kazi.

Kisha nikasoma.
Respah Nasambu Khaoya,
majina yote matatu, kama yanavyoitwa kortini.
Posho ya walioachishwa kazi, imezidi,
miezi tisa, elfu tano mia mbili kila mwezi,
jumla arubaini na sita elfu na mia nane.
Nirejeshe kwa siku ishirini na moja
la sivyo jalada litakwenda kwa mwendesha mashtaka.
Kuna neno limepigwa mstari: kujipatia.
Nimelizungusha mdomoni kama jiwe kwenye maharagwe.

Kazi nilipata, haya, niseme.
Kuosha sufuria shule ya bweni, Misikhu,
siku tatu kwa wiki, kibarua bila barua.
Wiki ile ile nikaenda Bungoma, dirisha la pili.
Kijana wa sweta ya kijani akanisikiliza akibonyeza:
Mama, mtambo haujafunguka, rudi Jumatatu.
Jumatatu nikarudi.
Nimekusikia, akasema, nenda tu, tutarekebisha.

Nikaenda tu.
Sikuomba karatasi.
Mimi niliyefunga karatasi za nchi nzima
sikuomba kipande cha upana wa kiganja, chenye muhuri.

Tarehe tano simu ililia.
Tarehe tano nyingine ikalia.
Nikanunua mabati manne ya upande wa jikoni,
yale ya zamani yalikuwa yameliwa na moshi wa kiwanda.
Karo ya Situma, muhula wa pili.
Dawa ya presha ya mama.
Na, sitaficha, viatu vyekundu vya mtumba
vilivyokuwa vikinitazama sokoni tangu Pasaka.
Navyo virudi? Kisigino kimeisha.

Shemeji Wabomba anasema, dawa ya deni kulipa.
Namwuliza, aliyenikopesha ni nani?
Basi kana, anasema. Sema hukujua, wewe si msomi.
Mchungaji anasema tuombe.
Jirani hasemi kitu,
ila siku hizi akija kuazima chumvi haingii ndani,
husimama uani akiyatazama mabati.

Mimi nimebaki na hesabu yangu, ya usiku.
Mwezi wa kwanza na wa pili nilijua watarekebisha.
Wa tatu nilisema, serikali ina hesabu zake.
Wa nne, wa tano, mama alikuwa amelazwa, sikumbuki nilisema nini.
Wa sita simu ilipolia
niliilaza kifudifudi mezani
kama mtu anayefunika chungu asione kilichomo,
na asubuhi nikaenda kwa wakala nikatoa zote.

Hapo, bwana mpelelezi. Hapo ndipo penye swali lako,
wala hutalipata kwenye mtambo.
Kati ya kunyamaza na kuiba pana upana gani?
Ukipenyeza karatasi pale, zinaingia ngapi?
Mimi nimejaribu. Kuna usiku zinaingia mia tano.
Kuna usiku haiingii hata moja.

Alhamisi natakiwa kuandikisha maelezo.
Nimeulizia nauli, nimefua blauzi.
Viatu ni hivyo hivyo vyekundu, sina vingine.

Bomba la kiwanda limesimama gizani, halitoi kitu.
Zamani tuliilaani harufu yake, ya yai viza,
ilikaa kwenye nguo, kwenye uji, kwenye nywele za watoto.
Leo ningeifungulia dirisha.

Nimeigeuza barua.
Nyuma ni nyeupe, hawakuandika lolote.
Situma, niazime kalamu.
Si hiyo inayorukaruka, ile nyingine.
Naanza na tarehe.
Naanza na dirisha la pili, sweta ya kijani,
halafu, kabla mkono haujaogopa,
mwezi wa sita.